Muguka: tumewahesabu watafunaji, hatujawafuata

Kila muguka, yale majani ya kutafuna, ukitajwa Mombasa, swali huwa lile lile: marufuku ya Mei 2024 ilisaidia au haikusaidia? Wanaoiunga mkono hutoa simu na kukuonyesha picha za vijana waliojilaza barazani saa nne za asubuhi. Wanaoipinga hukuonyesha vibanda vilivyo wazi leo, njugu na bigijii zimepangwa mbele, na kukuuliza kama kuna chochote kilichobadilika. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania kitu ambacho ushahidi walioushika hauwezi kukijibu. Anayetaka kujua kama tabia ya watu imebadilika hana budi kuwafuata watu wale wale, wiki baada ya wiki, huku akijua kila mmoja anakaa baze gani, yaani kijiwe gani cha kutafunia, na katika mtaa gani. Sisi tumehesabu vichwa vya leo tukavilinganisha na vichwa vingine vya jana. Ziko hesabu zilizoundwa kwa kazi hiyo hasa, wanatakwimu huziita modeli za ngazi nyingi, na lau zingeingia katika mjadala huu mapema, tungepigiana kelele chache kuliko tulivyopigiana.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Gavana Abdulswamad Nassir alitoa amri ya kuzuia muguka usiingizwe, usisafirishwe, usiuzwe wala kutumiwa ndani ya kaunti. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu wakaja juu, maana Mbeere, huko huko Embu, ndiko zao hili linakotoka na ndiko watoto wanakosomeshwa kwa fedha zake. Rais Ruto akatamka kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji. Yote hayo yalitokea haraka, hata mtu aliyesafiri kwenda bara kwa harusi angerudi akute mambo yameisha. Muguka wenyewe ni mmea ule ule wa miraa, ila hapa yanatafunwa majani machanga badala ya vijiti, na bei yake ni ya mfuko wa kijana asiye na kazi ya kudumu. Mwaka 2022 NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, lilikadiria kuwa Mkenya 1 kati ya kila 28 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia miraa au muguka. Takwimu hiyo ilinukuliwa na kila mtu, kila mmoja akiivutia upande wake.

Sina ugomvi nayo. Lakini ni picha ya pasipoti: inakuonyesha sura ya siku moja. Hata uchunguzi wetu mkubwa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, uliochagua maeneo 1,692 na kaya 25 katika kila eneo, ni picha ya namna hiyo, tena nzuri sana. Waliojibu uchunguzi wa kabla yake, wa 2014, na waliojibu 2022 si watu wale wale. Sasa tuseme katika mtaa mmoja watafunaji ni 20 kati ya vijana 100 mwaka huu, na ni 20 pia mwaka ujao. Wastani haukusogea. Huenda ni vijana 20 wale wale waliozama na hawajui watokeje. Na huenda 20 wa kwanza wote waliacha, wakaingia wengine 20 waliotoka shuleni juzi. Mtaa wa kwanza unahitaji matibabu na ushauri, wa pili unahitaji kazi ya kinga kwenye milango ya shule. Ukitazama wastani tu, mitaa hiyo miwili ni pacha, na bajeti yake itatoka pacha vilevile.

Nilijifunza ubaya wa picha ya siku moja kwa njia ya aibu kidogo. Miaka kadhaa nyuma niliajiriwa kwa muda kupeleka dodoso la shirika fulani katika mitaa ya Kisauni. Kijana mmoja mbeba mizigo, katika duru ya kwanza, nilimuuliza ni siku ngapi kati ya saba zilizopita alitafuna mchana. Akajibu, "Zote." Duru ya pili ilituangukia Ramadhani. Nikamuuliza swali lile lile kama lilivyoandikwa. "Sufuri," akasema, kisha akacheka: "Mchana nimefunga, ndugu yangu. Niulize baada ya tarawehe mpaka daku, hapo nitakuhesabia." Waliotunga dodoso walijua kwamba watu hutafuna alasiri, basi hawakuweka nafasi ya usiku. Nikajaza sufuri. Ripoti ilipotoka ilisema matumizi yameshuka, na sifa zikaenda kwa mikutano ya uhamasishaji iliyofanyika katikati ya duru hizo mbili.

Kijana yule hakusema uongo, wala mimi sikukosea kujaza. Tatizo ni kwamba tabia ya mtu ina saa zake, msimu wake na jirani zake, na hesabu iliyotumika iliviweka vyote katika kapu moja. Modeli ya ngazi nyingi huanza kwa kukataa kapu hilo. Inasema hivi: vipimo vya wiki kwa wiki vimo ndani ya mtu, mtu yumo ndani ya baze, baze imo ndani ya mtaa. Kila mtu anapewa mstari wake, mahali alipoanzia na mwendo wake wa kupanda au kushuka. Ramadhani inaingia kama jambo linaloujia kila mstari kwa wakati wake, si kama mafanikio ya mkutano. Kisha modeli inauliza ni kiasi gani cha tofauti tunazoziona kinatokana na mtu mmoja kubadilika wiki hadi wiki, ni kiasi gani kinatokana na watu kutofautiana wao kwa wao, na ni kiasi gani kinatokana na mahali. Msingi wake si mgeni. Nan Laird na James Ware waliuweka wazi kwa vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yule yule mwaka 1982, na Harvey Goldstein huko Uingereza aliusukuma mbele katika miaka hiyo hiyo kwa ajili ya wanafunzi walio ndani ya madarasa yaliyo ndani ya shule. Leo programu za bure za kompyuta zinaufanya kwa mistari michache.

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo mjadala wetu ulipopotea zaidi. Chukua suala la huzuni na msongo wa mawazo, ambalo kina mama wa Majengo na Likoni walililia sana. Ukilinganisha watu, huenda ukakuta wanaotafuna zaidi ndio wenye huzuni zaidi. Mtu atakurupuka: muguka unaleta huzuni. Lakini mfuate kijana mmoja. Jioni anapotafuna ana maneno mengi, ana mipango, hata deni la duka analiona dogo. Ukimpima saa hiyo, muguka unaonekana dawa. Mpime kesho yake asubuhi: hajalala, arosto imemkaa kichwani, hataki kusemeshwa. Kwa hiyo daftari moja lina majibu matatu, moja la kati ya watu, moja la ndani ya mtu kwa saa ile, na moja la ndani ya mtu kwa siku inayofuata, na yanapingana bila hata moja kuwa la uongo. Baba anayesema "huyu kaharibika" anatazama la kwanza. Kijana anayesema "mimi hii inanituliza" anatazama la pili. Anayeliona la tatu ni mke wake, na sikumbuki kumuona akialikwa kwenye redio. Watu wa mazoezi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: anayekimbia mara kwa mara moyo wake una hatari ndogo kuliko wa anayekaa tu, ilhali katika dakika zile za kukimbia hatari yake mwenyewe huwa juu kuliko akiwa amepumzika. Ukichanganya la kati ya watu na la ndani ya mtu, utawakataza watu dawa au utawapa sumu.

Kosa la pili ni la mahali. Wakati wa marufuku nilisikia mara nyingi hoja ya aina hii: tazameni wadi zenye vibanda vingi, ndizo zenye vijana wengi waliorukwa na akili, basi imethibitika. Haijathibitika. Mwaka 1950 Mmarekani aitwaye William Robinson alichukua sensa ya nchi yake ya 1930 na kutazama uhusiano kati ya kuzaliwa ng'ambo na kutojua kusoma. Kwa kulinganisha majimbo, uhusiano ulikuwa hasi 0.53: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, kana kwamba wahamiaji ndio wasomi. Alipowatazama watu wenyewe, uhusiano uligeuka chanya, 0.12. Wahamiaji walikuwa nyuma kidogo kwa kusoma, ila walihamia majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Weka Mombasa mahali pa majimbo hayo. Vibanda hufuata wateja, na wateja wako palipo na kazi za usiku na vyumba vya kodi nafuu. Wadi inaweza kuwa na vibanda vingi na wagonjwa wengi, halafu wagonjwa hao wawe si watafunaji hata kidogo. Au wawe ndio. Namba ya wadi haiwezi kukuambia.

Tena kuna baze. Mtu hatafuni peke yake kama anavyomeza dawa ya minyoo. Anakaa na wenzake, kuna anayeleta, kuna wa kudai, kuna wa mzaha, na asiyetafuna siku hiyo anaulizwa ana nini. Vijana 20 wa baze moja wanafanana kuliko vijana 20 waliookotwa mji mzima, na kufanana huko kuna gharama ya kihesabu. Tuseme umewahoji vijana 400 katika baze 20, na moja ya tano ya tofauti zote za utafunaji iko kati ya baze na baze. Ukiingiza kufanana huko katika hesabu, wale 400 wana uzito wa habari wa watu kama 83 tu. Mtafiti asiyelijua hilo atatangaza matokeo kwa uhakika ambao hana. Na upande wa pili wa sarafu ndio unaovutia mtu wa sera: kama sehemu kubwa ya tofauti iko kwenye baze, kumpa kijana mmoja ushauri nasaha na kumrudisha kwenye kiti kile kile ni kuchota maji ya bahari kwa kikombe. Utaongea na baze nzima, au hutaongea.

Wapinzani wa njia hii wapo, na si wajinga. Hoja iliyo dhaifu kuliko zote niimalize upesi: kwamba takwimu humfuta mtu. "Mimi nimetafuna miaka 20 na nina nyumba na watoto watatu," mzee mmoja aliniambia pale Mwembe Tayari, akimaanisha kwamba hesabu haimuoni. Hesabu ya wastani kweli haimuoni. Ya ngazi nyingi inamuona, inampa mstari wake, na inakubali kwamba mstari wake unaweza kuwa tambarare wakati wa jirani yake unateremka. Inachokataa ni kumfanya yeye awe kanuni ya wote. Pia ina adabu moja niipendayo: mahali palipo na watu wachache waliohojiwa, makadirio yake yanavutwa kuelekea wastani wa mji. Mtaa ambao walihojiwa vijana 8 na 4 wakasema wanatafuna hautapelekwa gazetini kama mtaa wa "nusu ya vijana".

Hoja nzito ni nyingine. Kwanza, Mombasa ina maeneo bunge 6 na wadi 30. Sita ni wachache mno kwa modeli kukadiria maeneo bunge yanatofautiana kiasi gani, na thelathini zenyewe ni za kubanana. Anayekuahidi ramani ya athari za sera kwa kila eneo bunge anakuuzia ubuyu. Pili, kipimo chenyewe hubadilika sera inapobadilika. Kabla ya amri, kijana anakujibu "zote" bila kupepesa. Baada ya amri, hata ikiwa imesimamishwa na mahakama, anakutazama viatu kwanza kama wewe si askari wa kaunti. Akikujibu "siku mbili," umepima nini, utafunaji au woga? Modeli haina macho ya kuona hilo. Itachora mteremko mzuri na kila mtu atapiga makofi. Tatu, amri haikugawanywa kwa kura. Iliangukia mji mzima, mwishoni mwa Mei, wiki chache tu baada ya Ramadhani iliyokwisha mwanzoni mwa Aprili. Mwenye vipimo vya Machi na vya Juni angekuwa analinganisha mwezi wa funga na mwezi wa kawaida, na angeweza kutangaza kwamba marufuku iliongeza utafunaji. Nazikubali hoja hizi tatu. Zinachonifunza ni kuanza kupima mapema, kabla ya amri, na kupima mara nyingi. Hazinifunzi kurudi kwenye picha za simu.

Kuna hoja ya nne, ya wakulima wa Embu, na hiyo haiko katika meza hii. Je, riziki ya Mbeere ina uzito gani mbele ya usingizi wa Kisauni? Hakuna modeli ya kulipima hilo, na mwanatakwimu anayejifanya ameliweza afukuzwe. Ila ni bora wanasiasa wabishanie kitu kilichopimwa.

Na kupima kunawezekana sasa kuliko zamani. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini walipewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia ziara zao, kila mmoja na kaya kama 100 za kuzitembelea. Watu wengi wamelielewa jambo hili kama mpango wa kupima presha na sukari mlangoni, na ni kweli. Lakini litazame kwa jicho la ngazi: ni mtu yule yule, anayerudi kwa kaya ile ile, katika mtaa ule ule, na tarehe imeandikwa. Jirani zetu wa Kilifi wanalijua thamani yake. Tangu mwaka 2000 wamekuwa na mfumo wa kuwafuatilia wakazi zaidi ya robo milioni, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na ndiyo maana maswali mengi ya afya ya watoto wa Pwani yalijibiwa huko. Mombasa haina haja ya kujenga kitu kikubwa hivyo kwa ajili ya muguka. Inahitaji maswali manne mafupi, yanayorudiwa kila mwezi kwa watu waliokubali wenyewe: ulitafuna siku ngapi, mchana au usiku, ulilala saa ngapi, na wiki hii ulifanya kazi ya zamu gani. Baze iandikwe kwa nambari, kamwe si kwa jina wala kwa eneo ambalo askari atalitambua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zilindwe, na bila hivyo hakuna atakayejibu ukweli. Swali la zamu nalitilia mkazo makusudi. Kama mistari ya watu itaonyesha kwamba utafunaji hupanda wiki za zamu ya usiku, kwa madereva wa malori ya Changamwe na Miritini, kwa walinzi, kwa wapakuaji wa Kongowea wanaongoja mboga za bara saa nane za usiku, basi tutakuwa tumeliandama jani wakati tatizo liko kwenye saa za kazi, na amri inayofaa itakuwa ya mwajiri kabla ya kuwa ya kibanda.

Kitakachosumbua zaidi ni wanaopotea. Modeli hizi zina uzuri wa kutomtupa mtu kwa sababu amekosa duru moja. Zinatumia kila kipimo alichoacha. Lakini zinaamini kwamba kupotea kwake kunaweza kuelezwa na yale aliyokwisha kusema, na imani hiyo ina mpaka. Duru ya tatu nilirudi kwa yule mbeba mizigo. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo uani alinijibu bila kugeuka: "Huyo hayuko. Kaenda Mariakani, sijui ni kazi, sijui ni kutibiwa." Dodoso lilikuwa na nambari ya jibu hilo, 4, hakupatikana. Usiku ule nilizitoa karatasi za duru ya kwanza nikawatafuta wote niliowajazia 4. Wengi wao walikuwa wamejibu "zote". Ripoti ya mwisho ilipigwa kwa waliobaki.